Kundi la Usomaji Wodini Lisigeuzwe Darasa

Mhariri,

Kwa muda sasa gazeti lako limetoa nafasi kubwa kwa mjadala wa afya ya akili, jambo ambalo sisi wasomaji tunalishukuru. Yaliyojadiliwa zaidi ni dawa, uchache wa wataalamu na unyanyapaa, na hakuna anayeweza kusema kwamba hayo ni mepesi, kwa kuwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zilionyesha kuwa mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo halijaguswa, yaani makundi ya watu wenye ugonjwa wa akili wanaokutana kusoma fasihi kwa sauti na kuijadili. Nilifundisha fasihi hadi nilipostaafu, na tangu hapo nimekuwa nikiongoza kundi la namna hiyo kwa kujitolea. Msimamo wangu ni kwamba kundi hili humfaa mgonjwa kwa sababu humo fasihi imeachwa iwe fasihi, naye ameachwa awe msomaji. Wenye nia njema wanapoligeuza kuwa somo la maadili, kipimo cha dalili au kikao cha ushauri kilichovishwa hadithi, faida ile hutoweka, na wa kwanza kulitambua hilo ni washiriki wenyewe.

Wengi wakisikia habari za kundi la usomaji hudhani ni watu waliosoma kitabu kila mmoja kwao, kisha wakakutana kutoa maoni. Sisi hatufanyi hivyo, wala hakuna anayetakiwa kuwa amesoma chochote kabla ya kufika. Watu kati ya 5 na 12 hukaa kuizunguka meza moja, kila mmoja akapewa nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa, na kiongozi akaanza kusoma hadithi fupi au sura ya riwaya kwa sauti, polepole, huku wengine wakifuatilia kwa macho au wakisikiliza tu. Akifika mahali penye jambo husimama. Huenda akauliza swali, huenda akakaa kimya na kuwaacha wenzake waanze. Anayetaka kusoma aya inayofuata husoma, asiyetaka hasomi, na aliyekaa akisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kutamka neno hahesabiwi kuwa ameshindwa. Mwishoni husomwa shairi, mara mbili, na muda ukiruhusu mara tatu. Kikao chote huchukua kama saa moja na nusu.

Kusoma huko kwa sauti si pambo. Kushindwa kutuliza mawazo ni mojawapo ya dalili za sonona yenyewe, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kiasi kwamba mtu aliyekuwa mpenzi wa vitabu hujikuta akirudia ukurasa mmoja asubuhi nzima bila kuambulia kitu. Mwenye skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, mara nyingi hupata shida kushika mwanzo wa sentensi ndefu hadi afike mwisho wake, hata pale ambapo sauti anazozisikia zimetulia. Dawa nazo zina gharama yake: haloperidoli na klorpromazini zimewarudishia wengi uwezo wa kuishi na jamaa zao, lakini huweza kuleta usingizi wa mchana, ukungu machoni, kukauka kinywa, mikono kutetemeka, na kule kutotulia kwa mwili kunakomfanya mtu asiweze kukaa kitini kwa robo saa. Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu aende nacho chumbani umempa kazi asiyoiweza, na kitabu kikirudi bila kufunguliwa atajilaumu. Anaposomewa na mtu aliye mbele yake, sauti humshikia uzi wa hadithi pale macho na mawazo yanapomtoka, na akipotea kwa aya mbili anaweza kurejea bila mtu kujua kwamba alikuwa ameondoka. Ndiyo maana mezani kwetu hapakosekani jagi la maji, karatasi huchapwa kwa pointi 16, mistari yake huachanishwa na kupewa namba, na nyuma ya viti huachwa nafasi ya kutosha kwa anayehitaji kutembea huku akisikiliza. Hata asiyejua kusoma wala kuandika ana mahali pake hapo, tena wapo kati yao wanaokumbuka maneno ya mhusika kwa usahihi unaotuaibisha sisi tuliosoma.

Nitoe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike mtu. Hadithi moja tuliyoisoma inamhusu mjane ambaye kila usiku huacha mlango wake bila komeo, na majirani wanasema anamngoja mwanawe aliyeondoka nyumbani kwa hasira. Tulipofika mahali ambapo mjane anahamisha kiti chake kutoka mlangoni hadi jikoni nilisimama, kwa kuwa mwandishi hakueleza sababu. Kijana mmoja, ambaye tangu ajiunge nasi alikuwa akisikiliza tu huku ameiinamia karatasi yake, akasema, "Huyu mama hamngoji mtu. Anaogopa kulala." Mama mmoja wa makamo akamgeukia: "Mwanangu, mbona basi amewasha taa? Anayeogopa hujificha." Kijana akarudi kwenye karatasi, akatafuta kwa kidole, akatusomea sentensi inayosema kwamba taa ilikuwa jikoni. "Amewasha pale alipo yeye," akasema. "Hakuiweka mlangoni mtoto aione." Hapo mjadala ukawaka. Wengine waliona kwamba mjane amekwisha kata tamaa ya kumwona mwanawe na anaona haya kulikiri hilo mbele ya majirani, wengine wakashikilia kwamba mtu aliyekata tamaa angefunga mlango, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeatembea nyuma ya viti akatuambia tusome mbele, maana mwandishi hajamaliza na sisi tumeshatoa hukumu.

Sikumuuliza kijana yule kama yeye mwenyewe huogopa kulala. Huenda ndivyo, huenda sivyo, na jambo hilo ni lake na daktari wake. Alichokifanya kilionekana na wote: alisikiliza, akaona ambacho wengine hatukukiona, akapingwa kwa heshima, akatafuta ushahidi kwenye maandishi na akautetea. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake umewazoesha watu kutoyatia maanani maneno yake, hata anaposema jambo la kweli kabisa, si jambo dogo kuona watu 8 wakifunua karatasi zao kuhakikisha alichokisema.

Anayetibiwa ugonjwa wa akili huulizwa maswali mengi, na karibu yote ni juu yake: umelala, umekula, umemeza dawa, bado unasikia sauti, umewahi kufikiria kujidhuru? Ni maswali ya lazima, na muuguzi asiyeyauliza hafanyi kazi yake. Lakini anayeulizwa hayo mwaka baada ya mwaka hufika mahali akajiona kuwa yeye ni jalada linaloongezwa karatasi. Katika kundi huulizwa habari za mtu mwingine, tena mtu ambaye hayupo na hataumia akihukumiwa vibaya, na jibu lake hupimwa kwa maandishi yaliyo mbele ya kila mmoja. Anaweza kukosea bila kuandikiwa lolote. Anaweza pia kumshinda mwalimu mstaafu kwa hoja, na hilo hutokea mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mambo yake mwenyewe nayo yamo humo, ila huyatoa kwa kipimo anachokitaka, kupitia mdomo wa mjane au wa mwana aliyeondoka, na akiona amesema zaidi ya alivyokusudia anaweza kurudi kwenye hadithi na kusema kwamba alikuwa akizungumzia mhusika. Wenzake hujua, nao hunyamaza. Adabu hiyo hakuna aliyewafundisha.

Wazo la kuwapa wagonjwa vitabu si geni, na historia yake ina funzo. Mwaka 1916 Samuel Crothers, mchungaji na mwandishi wa Marekani, aliandika katika jarida la The Atlantic Monthly, kwa nusu utani, juu ya zahanati ambamo vitabu hutolewa kwa mgonjwa kama dawa. Ajabu ni kwamba wapo walioichukua nusu ya utani na kuiacha nusu ya hekima, na mpaka leo utakutana na mtu anayetafuta orodha ya riwaya moja ya wasiwasi, moja ya sonona na moja ya usingizi uliopotea. Fasihi haifanyi kazi hivyo. Vitabu vya kujisaidia, vinavyoeleza hatua za kukabiliana na wasiwasi, vina nafasi yake, na baadhi vimeandikwa vizuri na wataalamu wanaojua wanachokisema. Riwaya ni kitu kingine, kwa kuwa mwandishi wake hakuiandika imponye mtu, na mgonjwa huweza kuiamini kwa sababu hiyohiyo.

Aliyenivutia zaidi katika historia hiyo ni Sadie Peterson Delaney, mkutubi Mmarekani mweusi aliyekuwa akifanya kazi katika tawi la maktaba ya umma ya New York lililoko Harlem. Mwaka 1924 alikwenda Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusimamia maktaba ya hospitali ya wanajeshi wastaafu weusi, wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya jimbo hilo. Wagonjwa wake walikuwa watu waliorudi vitani wakiwa na majeraha ya mwili na ya akili, wakakuta nchi waliyoipigania haiwataki katika hospitali za wengine. Delaney alikutana na madaktari kuzungumza nao juu ya kila mgonjwa, akapeleka vitabu vitandani kwa wasioweza kuinuka, akajifunza maandishi ya nukta nundu ili awafundishe wanajeshi waliopofuka, na akaanzisha chama cha fasihi ambamo wagonjwa walijadili walichosoma. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1958. Ninachokipenda kwake ni kwamba alikuwa mkutubi na alibaki mkutubi: hakuvaa koti la daktari, na madaktari walimheshimu kwa kazi yake mwenyewe.

Makundi ya siku hizi, ambayo ndiyo tunayoyaiga, yalienea kutoka Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jane Davis, aliyekuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Liverpool, alianza kusoma hadithi na mashairi kwa sauti pamoja na watu ambao hawakuwa na desturi ya kusoma, na shirika alilolianzisha, The Reader, likapeleka usomaji wa aina hiyo katika maktaba, zahanati, magereza, nyumba za kutunzia wazee na wodi za wagonjwa wa akili. Kanuni ambazo nimezieleza, za kusoma papo kwa papo na kutomlazimisha mtu, zinatokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo.

Msomaji wa gazeti hili ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi. Upo, nao si mkubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool walitoa ripoti ya makundi mawili ya watu wenye sonona waliosoma pamoja kwa muda wa miezi 12, wakaona dalili za sonona zimepungua, lakini washiriki walikuwa wachache na wao wenyewe walichagua kuja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya kwa ujumla, muziki, uchoraji, ngoma na fasihi zikiwamo, nayo ilikiri kwamba sanaa zina mchango katika kinga na katika matibabu. Nawasihi wenzangu tusivuke hapo. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba kusoma hadithi za kifasihi, hata kwa muda mfupi, humwongezea mtu uwezo wa kutambua hisia za wengine, na habari hiyo ikashangiliwa kila mahali, lakini watafiti wengine waliporudia majaribio hayo miaka michache baadaye hawakuyapata matokeo yaleyale. Kundi la usomaji halichukui nafasi ya dawa, wala ya sindano ya kila mwezi, wala ya daktari. Anayewaahidi jamaa za mgonjwa kwamba hadithi zitamponya anawadanganya, na ahadi hiyo ikivunjika watakaopoteza imani ni wale waliokuwa wakinufaika kwa kiasi chao bila kuahidiwa kitu.

Nimesikia pia hoja kwamba watu wenye huzuni wasomewe vitu vya kufurahisha. Hoja hii hutolewa kwa upendo, lakini inawafanya watu wazima kuwa watoto. Mtu aliyezikwa na sonona akisomewa kihadithi chepesi ambacho kila mhusika anapata alichokitaka, mwisho kikafuatiwa na swali la "tunajifunza nini", huona wazi kwamba anadhaniwa hawezi zaidi ya hapo. Hadithi yenye msiba, iliyoandikwa na mtu anayejua msiba ni nini, humwonyesha kwamba alilodhani ni lake peke yake limeshapata maneno. Kicheko nacho kimo katika fasihi nzito, tena kingi. Mezani kwetu tumecheka zaidi kwenye hadithi za mazishi kuliko kwenye vichekesho. Kikomo kipo hata hivyo. Hatusomi maandishi yanayoeleza kwa undani namna mtu alivyojiua, kwa sababu inajulikana kwamba maelezo ya namna hiyo huweza kumsukuma aliye ukingoni, na kila kinachosomwa kiongozi lazima awe amekisoma chote mwenyewe kabla, hadi neno la mwisho, asije akashtukizwa nacho mbele ya watu.

Ushairi wa vina na mizani una nguvu ya pekee katika kazi hii, na sijui kwa nini viongozi wengine huuogopa. Mshororo wa mizani 16 uliogawanyika vipande viwili vya 8 hulizoesha sikio upesi, na kiitikio kinachorudi kila mwisho wa ubeti humpa aliyechoka mahali pa kuingilia: hata kama beti zenyewe zimempita, hukingoja na kukisema na wenzake. Nimemwona mtu ambaye mchango wake wote katika kikao ulikuwa kiitikio, akakisema kwa sauti inayozidi kupanda, na katika ubeti wa mwisho akatangulia wengine.

Hatari zake nazo zipo, kwa kuwa shairi hupenda fumbo, na kati ya washiriki wamo wanaoamini kwa nguvu za ugonjwa kwamba redio, mabango na maandishi huwasema wao. Kuna siku bwana mmoja aliiweka karatasi mezani na kuniuliza kwa ukali, "Mwalimu, nani amekupa mambo yangu ukayaandika hapa?" Kubishana na imani ya namna hiyo hakusaidii, na kuikubali ni kosa kubwa zaidi. Nilimwambia kwamba si mimi niliyeliandika shairi lile, nikamwonyesha mwaka lilipochapishwa, miaka mingi kabla hatujafahamiana, nikamwambia kwamba akipenda anaweza kunirudishia karatasi. Ndipo dada aliyekaa kando yake akasema kwamba ubeti ule ulimgusa na yeye, na mwingine akasema hivyohivyo. Bwana yule alikaa kimya, akaibakiza karatasi. Kikao kilipokwisha nilimweleza kwamba nitamjulisha muuguzi, akaafiki, nami nikafanya hivyo. Ninaeleza haya ili ieleweke kwamba kiongozi anayeachwa peke yake chumbani, bila muuguzi wa karibu anayeweza kuitwa, amewekwa mahali pabaya yeye na washiriki wake. Kwa sababu hiyohiyo aliye katika kilele cha wazimu wa msisimko, asiyelala na asiyeweza kumwacha mwingine aseme, hasaidiwi kwa kuletwa mezani siku hiyo. Atulizwe kwanza; kiti chake hakiendi popote.

Sasa nirudi kwenye kinachonisikitisha. Katika kituo kimoja ninachokifahamu, kundi lililokuwa likienda vizuri lilipewa fomu. Kiongozi alitakiwa kuandika, baada ya kila kikao, nani amezungumza, amezungumza mara ngapi, na kama maneno yake yalikuwa na mpangilio. Washiriki hawakuambiwa, lakini kalamu inayotembea wakati mtu anazungumza haifichiki. Ndani ya muda mfupi waliokuwa wakizungumza walianza kutoa majibu mafupi na safi, kama mtu anayejibu maswali ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na waliokuwa wakisikiliza wakaacha kuja. Baadaye likaongezwa sharti kwamba hadithi ziwe zinahusu umuhimu wa kumeza dawa kwa wakati. Siwezi kuwalaumu sana waliobuni mambo hayo, maana wao nao hudaiwa ripoti na walio juu yao, na kitu kisichojazwa kwenye fomu huonekana hakikufanyika. Lakini kama ni lazima taarifa itolewe, iandikwe idadi ya waliohudhuria na kilichosomwa, basi. Anayetaka kujua hali ya mgonjwa ana mahali pake pa kumwuliza, uso kwa uso, mgonjwa akijua anapimwa.

Kuhusu nani aongoze, sikubaliani na wanaodai kwamba lazima awe mtaalamu wa saikolojia. Zimbabwe imetoa mfano katika jambo linalofanana na hili: tangu mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha wanawake wazee wa kawaida kukaa benchini na kuwasikiliza watu wenye sonona na wasiwasi, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliosikilizwa na wazee hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wazee wale walifundishwa na walisimamiwa, na hilo lisisahaulike. Kiongozi wa usomaji naye anahitaji mafunzo, na mtu wa kumpigia simu anapokwama. Zaidi ya hapo anahitaji kuipenda fasihi kweli, kusoma kwa sauti inayosikika, na kuvumilia ukimya, na kwa walimu wenzangu nitasema wazi kwamba hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Tumezoea kwamba swali likikaa sekunde tano bila jibu tunalijibu wenyewe. Kwa mtu ambaye dawa imepunguza kasi ya mawazo yake, sekunde tano ni wakati wa kulisikia swali tu.

Mahitaji mengine ni madogo: chumba ambacho hakitumiki kuchomea sindano, siku na saa isiyobadilikabadilika, karatasi, na maktaba iliyo tayari kuazima. Wakutubi wangeweza kuwa wenyeji wa makundi haya kwa wale waliokwisha kuruhusiwa kutoka hospitali, maana wengi wao hukoma kusoma siku wanapoondoka wodini, na maktaba ni mahali ambapo mtu huingia bila kuulizwa anaumwa nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu chake cha 30, unawatambulia watu hawa haki ya kushiriki maisha ya utamaduni sawa na wengine. Nchi nyingi zimeuridhia, na utekelezaji wa kifungu hicho hauwezi kuwa rahisi zaidi ya kuweka meza na viti katika jengo ambalo tayari limejaa vitabu.

Nina ombi pia kwako wewe, Mhariri. Upungufu wetu mkubwa ni wa hadithi fupi za Kiswahili, ziwe za watu wazima, zilizoandikwa kwa ufundi, na zinazoweza kusomwa zikaisha katika kikao kimoja. Riwaya tunazo, mashairi tunayo, lakini hadithi fupi tumelazimika kuzirudia. Gazeti lina uwezo wa kutoa moja kila juma. Ya maneno 1,500 husomwa kwa sauti kwa dakika 15 hivi, ikaacha muda wa kutosha wa kubishana. Iwekwe kwenye ukurasa mmoja, isikatwe katikati na tangazo, kwa kuwa sisi huipiga fotokopi na kuikuza, na tangazo likikuzwa pamoja nayo hula nusu ya karatasi.

Wako,
Mwalimu mstaafu na msomaji wa gazeti hili